Daktari wa pili aangalie nini? Hofu ya saratani ya kinywa na majibu yasiyotosheleza

Saa sita usiku, tochi ya simu mkononi, kioo mbele, ulimi umevutwa nje kwa kitambaa mpaka machozi yanalengalenga. Ndipo unapoviona: vinundu vya duara, vyekundu, vimejipanga nyuma kabisa ya ulimi. Unaapa kwamba jana havikuwapo. Vilikuwapo, ila hujawahi kuvitazama. Kila ulimi unavyo, kwa kawaida 8 hadi 12, vimepangwa kama herufi V, na kazi yake ni kuonja.

Kinywa kimejaa vitu vya namna hiyo. Pembeni mwa ulimi, kwa nyuma, kuna mikunjo iliyosimama wima ambayo huweza kuvimba mtu akipata mafua. Ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu, kuna kichomozo kidogo ambacho ni mlango wa tezi ya mate. Wapo wenye mfupa uliotuna katikati ya kaakaa, mgumu kama jiwe, nao hauna ubaya wowote. Vitone vya manjano ndani ya midomo ni tezi za mafuta, na ule mstari mweupe shavuni, usawa wa meno yanapokutana, ni alama ya msuguano wa meno. Hofu nyingi huishia hapo. Daktari wa meno huzimaliza kwa dakika moja, na mtu hurudi nyumbani akijicheka.

Lakini si zote. Kwa mwaka 2022 peke yake, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria wagonjwa wapya karibu 390,000 wa saratani ya midomo na kinywa duniani, na vifo zaidi ya 188,000. Anayeogopa ana sababu ya kuuliza. Shida ni kwamba huwa anauliza swali moja tu, “ni saratani au siyo?”, ilhali jibu lake huja kwa hatua, na kila hatua ina mtu wake, chombo chake na namna yake ya kukosea. Anayekwenda kwa daktari wa pili bila kujua ni hatua ipi anayoitilia shaka huishia kupata mtu mwingine wa kurudia jambo lilelile alilofanya wa kwanza.

Siku 14

Kiswahili kina jina la kidonda kisichotaka kuondoka: kidonda ndugu. Waliolitunga jina hilo walijua jambo ambalo madaktari wa kinywa wanalisisitiza mpaka leo, kwamba habari kubwa ya kidonda si sura yake bali muda wake.

Kidonda cha kawaida cha mdomoni ni kidogo, cha duara, katikati cha manjano au kijivu, kimezungukwa na wekundu, na kinauma kupita ukubwa wake. Hupona ndani ya siku 7 hadi 14. Kile cha kujing’ata, au cha jino lililovunjika linalokwaruza ulimi, hupona katika muda huohuo mara sababu ikiondolewa. Utando wa kinywa hujifanya upya haraka kuliko ngozi ya mkono. Kwa hiyo kidonda kisicho na sababu kikivuka wiki 2 (miongozo mingine inaruhusu 3) kinadai maelezo, hata kama kinaonekana cha kijinga.

Maumivu hayafai kuwa kipimo, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kidonda kinachokutoa machozi ukipiga mswaki kinaweza kuwa si chochote. Saratani ikiwa changa mara nyingi haiumi kabisa, ndiyo maana huachwa: kitu kisichouma hakimkimbizi mtu kwa daktari.

Daktari mzuri hatazami tu, hugusa. Kidonda cha kawaida ni laini pembeni. Cha saratani mara nyingi kingo zake zimeinuka, na ukikibonyeza unakuta ugumu chini yake, kama kitufe kilichoshonewa ndani ya nyama. Atavuta ulimi aone pembeni mwake mpaka nyuma, kisha auinue aone sakafu ya kinywa, kwa kuwa sehemu hizo mbili ni miongoni mwa zinazoshambuliwa zaidi. Doa jeupe atalifuta kwa kitambaa: la fangasi mara nyingi hutoka, lile linaloitwa leukoplakia halitoki. Doa jekundu lililo kama mahameli litamtia wasiwasi kuliko jeupe. Ni nadra zaidi, lakini likipimwa mara nyingi hukutwa na seli zilizokwisha kuharibika. Mistari myeupe iliyofumana kama wavu ndani ya mashavu yote mawili ina jina jingine, lakeni plana, ugonjwa unaotokana na kinga ya mwili na ambao kwa kawaida hufuatiliwa tu. Atapapasa na shingo, kutafuta mitoki. Atauliza kama kuna jino linalolegea wakati fizi ni nzima, tundu la jino lililong’olewa lisiloziba, ganzi ya mdomo au kidevu, au sikio la upande mmoja linalouma ilhali lenyewe halina kasoro.

Atauliza pia kuhusu tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, kuhusu pombe, na kuhusu popoo. Tumbaku na pombe zikikaa pamoja hatari haijumlishwi, inazidishwa. Mdomo wa chini una adui wake mwingine, jua. Saratani ya nyuma zaidi, kwenye tonsili na shina la ulimi, mara nyingi inahusiana na virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, na hiyo humpata hata asiyevuta. Kwa hiyo kutovuta ni jambo la heri, ila si cheti.

Neno moja pembeni kwa wenye tochi. Kidonda kinachokaguliwa mara 20 kwa siku, kwa ncha ya ulimi, kwa kidole, kwa kijiti, hakipati nafasi ya kupona. Nimesikia watu wakisema “kina wiki 3 sasa” kuhusu kidonda ambacho hawakukiacha kipumzike hata siku moja. Andika tarehe uliyokiona, kipige picha, kisha kiache.

“Si kitu” ya kwanza

Tuseme umekwenda, umeangaliwa, umeambiwa si kitu. Umetoka na nafuu iliyodumu mpaka jioni. Kabla ya kutafuta daktari mwingine, rudi kwenye maneno hayo mawili uyaulize: amejuaje?

Anaweza kuwa ameitambua sura. Ulimi wenye mabaka yanayohama leo hapa kesho pale, tezi za mafuta, mfupa wa kaakaa, hivi vina sura zao na mwenye uzoefu hakosei mara nyingi. Hapo daktari wa pili atakuambia yaleyale.

Anaweza kuwa anatarajia kupona. Amelisaga jino lenye ncha, amelegeza meno ya bandia yaliyokuwa yakibana, akakwambia urudi baada ya wiki 2. Huyu hajakupuuza. Amekupa kipimo, na kipimo chenyewe ni muda. Rudi tarehe hiyo hata ukiona nafuu.

Wa kumwogopa ni wa tatu: dawa ya kusukutua, antibayotiki, na hakuna tarehe. Ukirudi, anabadilisha dawa ya kusukutua. Mzunguko huu unaweza kula miezi huku kila mtu akiamini kuna kinachofanyika. Kidonda ambacho kimeshakula dozi 2 bila kubadilika hakihitaji dozi ya 3, kinahitaji kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama yake cha kupimwa maabara.

Hili halimaanishi kwamba jicho ni bure. Katika jimbo la Kerala, India, wahudumu wa afya waliofunzwa walipita nyumba kwa nyumba wakiangalia vinywa kwa macho na taa tu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi moja miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Jicho lina uwezo mkubwa wa kusema “hapa pana kitu”. Halina uwezo wa kusema kitu chenyewe ni nini, kwa kuwa saratani ni habari ya seli na seli hazionekani kwa jicho. Taa maalumu za bluu na rangi za kupaka kinywani nazo ziko upande wa jicho: zinasaidia kuchagua pa kukata, hazichukui nafasi ya kukata.

Ndiyo maana, ukiwa katika hatua hii, daktari wa pili mwenye faida ni yule anayeweza kwenda mbele ya alipofika wa kwanza: daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, au wa masikio, pua na koo, mtu ambaye akiona shaka ana kisu na ganzi palepale. Daktari mwingine wa kuchungulia tu atakupa nafuu nyingine ya mpaka jioni.

Kinyama kinachosafiri

Kukata kinyama huitwa biopsi, neno linalotisha kuliko kitendo chenyewe. Sindano ya ganzi, kama ya kung’oa jino. Kipande cha milimita chache kinachukuliwa, pengine uzi mmoja au miwili, na baada ya wiki moja au mbili pamefunga. Ipo hofu ya zamani kwamba kisu kikigusa saratani kinaisambaza, nayo imewachelewesha wengi. Madaktari wa saratani duniani kote hukata kinyama kwanza, kwa kuwa bila hicho hawajui wanatibu nini.

Safari ya kinyama hicho ndiyo sehemu ambayo mgonjwa haioni. Kinatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini kisioze. Maabara wanakiondoa maji, wanakigandisha ndani ya nta, kikawa kibonge kidogo kinachoitwa bloku. Bloku inakatwa kwa mashine yenye wembe, vipande vya mikroni 4 au 5, vyembamba zaidi ya mara 10 kuliko unywele. Kipande kinaelea kwenye maji ya uvuguvugu, kinanaswa kwa kioo kinachoitwa slaidi, kinatiwa rangi: viini vya seli vinakuwa vya bluu na zambarau, vingine vyote waridi. Hapo ndipo daktari wa patholojia, ambaye hujawahi kumwona na pengine hutamwona, anaweka jicho kwenye hadubini na kuamua.

Kosa lina milango minne. Kinyama kikichukuliwa katikati ya kidonda kinaweza kuwa nyama iliyokufa tu, isiyosema lolote. Hutakiwa kichukuliwe ukingoni, kiguse na nyama nzima. Doa kubwa halifanani kote, na kipande kimoja hakilisemei doa zima. Kikichukuliwa juujuu, kinakosa kuonyesha kama seli zimeshaanza kuchimba chini, na kuchimba huko ndiko kunakotenganisha saratani na mabadiliko yanayoitangulia. Na msomaji naye ni binadamu. Mabadiliko hayo ya seli, yanayoitwa displasia, hupangwa katika madaraja, madogo, ya kati na makubwa, na inajulikana vyema katika fani hiyo kwamba wasomaji wawili wazoefu wanaweza kuipa slaidi moja madaraja tofauti.

Kisa cha Rais Grover Cleveland wa Marekani kinaonyesha haya yote kwa mara moja. Mwaka 1893 alihisi mahali panapokwaruza kwenye kaakaa, upande wa kushoto. Kinyama kilikatwa na kupelekwa maabara bila jina, ili msomaji asijue ni cha nani. Jibu likaelekea kwenye saratani. Tarehe 1 Julai alipasuliwa kwa siri ndani ya mashua ya anasa iitwayo Oneida, sehemu ya taya la juu ikaondolewa kupitia mdomoni bila kuacha kovu usoni, na umma ukaambiwa ni mambo ya meno. Aliishi miaka 15 zaidi, akafa mwaka 1908. Muda huo mrefu uliwatatiza madaktari kwa miongo mingi: je, ilikuwa saratani kweli? Nyama iliyotolewa ilikuwa bado imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mütter, Philadelphia. Wataalamu wakaichunguza upya na kuchapisha jibu mwaka 1980: ni saratani, lakini ya aina inayoota kama chunjua, inayokua taratibu na ambayo ni nadra kusambaa mbali. Ni aina ambayo hata leo huwasumbua wasomaji wakiletewa kinyama cha juujuu.

Kilichobadilika baada ya miaka 87 si mgonjwa wala kidonda. Nyama ileile ilisomwa na macho mengine.

Kumuuliza wa pili swali lake

Kwa hiyo ukishakatwa kinyama, daktari wa pili unayemhitaji huenda asikufungue mdomo kabisa. Omba slaidi na, ikiwezekana, bloku ya nta, zipelekwe kwa daktari wa patholojia mwingine, hasa anayesoma vinyama vya kinywa na shingo kila siku. Maabara huhifadhi bloku kwa miaka, na slaidi mpya zinaweza kukatwa kutoka humo bila wewe kuguswa tena. Usione haya kuomba. Hospitali nyingi za saratani hufanya hivyo kwa kila mgonjwa aliyepimwa kwingine kabla hazijaanza tiba, na hakuna anayelihesabu kuwa tusi.

Hali moja inadai hatua ya haraka kuliko zote: karatasi inasema safi, kidonda kiko palepale. Wengi huishika karatasi. Daktari makini hukiamini kidonda. Majibu safi maana yake ni kwamba kipande kile, cha mahali pale, hakikuwa na saratani. Kama kidonda kinaendelea kukua au kukakamaa, swali la kuuliza si “msome tena” bali “mkate tena, mahali pengine na kwa kina zaidi”. Vivyo hivyo ripoti ikisema kinyama hakikutosha kusomeka. Hilo si jibu zuri wala baya, ni kutokuwapo kwa jibu, ingawa nimeona watu wakilipokea kama pongezi.

Kuna wanaomficha daktari wa pili majibu ya wa kwanza, “tuone naye atasema nini”. Naielewa tamaa hiyo, maana anayejua jibu la mwenzake anaweza kulifuata. Lakini ukificha ripoti unamnyima pia tarehe, picha na mahali kinyama kilipotoka, na anaanza upya kutoka sifuri. Njia ya kati ipo: mwombe aangalie na kugusa kwanza, kisha mpe bahasha. Na mwambie swali lako kwa maneno: “Nataka kujua kama mahali palipokatwa palikuwa sahihi,” au “Nataka slaidi zisomwe upya,” au “Nimeambiwa nisubiri miezi 3, je, nisubiri?” Swali lenye mipaka hupata jibu lenye mipaka.

Muda nao una bei. Kutafuta maoni ya pili kwa wiki 2 au 3 ni jambo la busara. Kuzunguka miezi ukisubiri atakayekwambia unachotaka kusikia ni kuuacha ugonjwa, kama upo, ufanye kazi yake.

Jibu likiwa ni saratani, maoni ya pili yanahamia kwenye tiba, na hapo yana uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika utaratibu unaotumika kwa wingi tangu mwaka 2018 wa kupanga hatua za ugonjwa, upana wa uvimbe peke yake hautoshi, kina chake kwa milimita nacho kinahesabiwa. Uvimbe wa sentimita 2 uliochimba milimita 3 si sawa na wa upana huohuo uliochimba 8. Uliza kina chako ni kiasi gani. Uliza pia kuhusu mitoki ya shingo hata kama haipapasiki: jaribio la hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, lililochapishwa mwaka 2015, liligundua kwamba wagonjwa wa saratani changa ya kinywa walioondolewa mitoki pamoja na uvimbe walikuwa hai kwa asilimia 80 baada ya miaka 3, dhidi ya asilimia 67.5 ya waliosubiriwa mpaka mitoki ijitokeze. Mpango usioitaja shingo kabisa unastahili kuulizwa kwa nini. Na uliza kama kesi yako imejadiliwa kwenye kikao cha wataalamu pamoja, yaani mpasuaji, wa mionzi, wa dawa na wa patholojia, kwa kuwa kikao kama hicho kinakupa maoni ya pili, ya tatu na ya nne kwa siku moja.

Jibu likiwa ni safi, na msomaji wa pili amekubali, na kidonda kimefunga, basi umefika. Hofu inaweza kubaki siku kadhaa ikitafuta kazi nyingine ya kufanya, kinundu kipya, doa jipya. Kujichungulia mara moja kwa mwezi mchana kweupe kunatosha. Lakini kama ulichoambiwa ni leukoplakia au displasia ndogo, hujafunga faili. Utaitwa kila baada ya miezi kadhaa, pengine kwa miaka, hata doa likionekana lilelile, na ndiyo maana picha ya kwanza ina thamani. Mwambie daktari aipige siku hiyohiyo, rula ndogo ikiwa imelazwa pembeni ya doa, na nakala abaki nayo yeye na nyingine uondoke nayo wewe.